Asili ya neno ‘referendum’, mgogoro wa wingi wake, na utata wa kura ya maoni na kura ya maamuzi

MAJAJI wa Mahakama ya Juu ya Kenya walipotoa hukumu kuhusu Mpango wa Maridhiano (BBI) mnamo Machi 31, 2022, walikuwa na masuala saba ya kuamua. Mengi kati ya hayo yalihusu mamlaka: iwapo Rais anaweza kuanzisha marekebisho ya Katiba kwa njia iliyotengewa raia, iwapo anaweza kushtakiwa mahakamani akiwa angali madarakani, na iwapo umma ulishirikishwa ipasavyo. Suala moja, hata hivyo, lilihusu hesabu. Mswada wenye mapendekezo mengi unapopelekwa kwa wapigakura, je, waulizwe swali moja tu la kukubali au kukataa, ama kila pendekezo liwe na swali lake?

Swali hilo la umoja na wingi si geni kwa wanaolifahamu neno lenyewe. Kwa muda mrefu, waandishi wa Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya wamebishana kuhusu wingi wa neno la Kilatini ‘referendum’. Wapo wanaosema ‘referenda’ na wapo wanaoshikilia ‘referendums’. Kwa mtazamo wa haraka, huo ni ubishi wa walimu wa lugha wasio na kazi nyingine. Ukichunguzwa vyema, inadhihirika kwamba ndani yake mna jambo lile lile lililowashughulisha majaji: kama kinachohesabiwa ni kura zinazopigwa au ni mambo yanayoamuliwa.

Kubeba na kurejesha

Neno ‘referendum’ linatokana na kitenzi ‘referre’. Kitenzi hicho kimeundwa kwa sehemu mbili: kiambishi ‘re-’ chenye maana ya nyuma au tena, na ‘ferre’ ambacho maana yake ni kubeba, kuchukua au kuleta. Kwa hivyo ‘referre’ ni kurudisha, kurejesha, kupeleka jambo mahali linapostahili kushughulikiwa, na pia kutoa ripoti.

‘Ferre’ ni miongoni mwa vitenzi vikaidi zaidi katika Kilatini. Anayesema ‘nabeba’ husema ‘fero’, anayesema ‘nilibeba’ husema ‘tuli’, na kilichobebwa huitwa ‘latum’. Mashina hayo matatu hayafanani hata kidogo. Mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa sana, kwani naye humwambia mtoto ‘njoo’ ilhali kitenzi ni ‘kuja’. Kutokana na ukaidi huo, maneno ya Kiingereza ‘refer’ na ‘relate’, ambayo sikioni hayana udugu wowote, ni watoto wa kitenzi kimoja. La kwanza limetokana na shina la wakati uliopo, la pili na shina la kitu kilichokwisha kubebwa.

Katika Roma ya kale, ‘referre’ lilikuwa neno la kawaida la siasa, lakini halikuhusu kura ya wananchi. Konsuli alipotaka ushauri wa Seneti, alisemekana kulipeleka jambo mbele ya Seneti, ‘ad senatum referre’, na kitendo chenyewe kiliitwa ‘relatio’. Jambo lilipelekwa kwa wazee, si kwa umma. Lilipopelekwa kwa umma, kitenzi kilikuwa kingine kabisa: ‘rogare’, yaani kuuliza. Mswada uliitwa ‘rogatio’ kwa kuwa uliwasilishwa kama swali. Baada ya kura ya siri kuruhusiwa katika utungaji wa sheria mwaka wa 131 kabla ya Kristo, Mroma aliyeunga mkono aliwasilisha kibao chenye herufi za maneno ‘uti rogas’, kama unavyouliza. Aliyepinga alitumia herufi A, kwa maana kwamba anataka mambo yabaki ya kale. Wakenya waliochagua baina ya ndizi na chungwa mnamo 2005 hawakuwa watu wa kwanza kujibu swali la taifa kwa alama.

Ngeli ya KU ya Kilatini

Umbo ‘referendum’ ndilo lenye utata, na hapa mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kuuelewa vizuri kuliko Mwingereza, kwa sababu lugha yake ina vitu vyote viwili vinavyohitajika.

Kwanza, Kilatini kina nomino inayoundwa kutokana na kitenzi, ambayo wanasarufi waliiita ‘gerundium’. Hii hulingana na kitenzi-jina cha Kiswahili, yaani nomino za ngeli ya KU. Mtu akisema ‘kuimba kwake kunapendeza’, neno ‘kuimba’ ni jina la kitendo. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi atathibitisha kwamba ngeli hii haina wingi. Waimbaji wakiwa mmoja au elfu moja, kuimba ni kuimba, na upatanisho hubaki ‘ku’. ‘Gerundium’ ya Kilatini ina tabia hiyo hiyo. Haina wingi. Isitoshe, haiwezi hata kuwa kiima cha sentensi. Katika nafasi hiyo Kilatini hutumia umbo la kitenzi lisiloonyesha nafsi wala wakati, kama ‘referre’. ‘Gerundium’ hujitokeza katika nafasi nyingine, kwa mfano ‘ars legendi’, sanaa ya kusoma, au ‘ad legendum’, kwa ajili ya kusoma.

Pili, Kilatini kina kivumishi kinachoundwa kutokana na kitenzi kicho hicho. Hiki huitwa ‘gerundivum’, na tofauti ya majina haya mawili, yanayopishana kwa herufi chache tu mwishoni, imewatoa jasho wanafunzi wengi. Kivumishi hiki huonyesha kwamba kitu kinapaswa kutendwa jambo fulani. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa kihusishi cha a-unganifu pamoja na kitenzi, hasa kikiwa katika kauli ya kutendwa: mtu wa kulaumiwa, jambo la kuzingatiwa, mambo ya kukumbukwa. Mtu wa kulaumiwa si mtu aliyekwisha kulaumiwa, bali ni yule anayestahili lawama. Hiyo ndiyo maana hasa ya ‘gerundivum’.

Kivumishi, tofauti na kitenzi-jina, hupatana na nomino yake katika umoja na wingi. Kwa Kilatini, barua ya kusomwa ni ‘epistula legenda’, na barua za kusomwa ni ‘epistulae legendae’. Kitabu cha kusomwa ni ‘liber legendus’, vitabu vya kusomwa ni ‘libri legendi’. Kinapohusu kitu kisicho na jinsia ya kiume wala ya kike, kivumishi huishia kwa ‘-um’ katika umoja na ‘-a’ katika wingi. Jambo la kurejeshwa, basi, ni ‘referendum’. Mambo ya kurejeshwa ni ‘referenda’.

Maneno mengi yanayotumiwa kila siku katika ofisi na majukwaa ya kisiasa ya Afrika Mashariki ni ya jamii hii. ‘Ajenda’ ni mambo ya kutendwa, na kwa Kilatini tayari yamo katika wingi, ingawa Kiswahili kimeliweka neno hilo katika ngeli ya I-ZI na kulitumia kwa umoja bila wasiwasi. ‘Memorandamu’ ni jambo la kukumbukwa. Kwa bahati, siasa za Kenya za 2002 hadi 2005 zilijaa maneno haya mawili ya ukoo mmoja: vyama vilivyounda muungano wa Narc viligombana kuhusu memorandamu ya maelewano ambayo upande mmoja ulilalamika kuwa haikukumbukwa, kisha vikapambana rasmi katika ‘referendum’.

‘Propaganda’ nalo limetoka huko huko, lakini si wingi kama wengi wanavyodhani. Mnamo 1622 Papa Gregory wa 15 aliunda idara ya Kanisa Katoliki iliyosimamia kazi ya umisionari, na jina lake la Kilatini lilizungumzia ‘propaganda fide’, yaani imani ya kuenezwa. Neno ‘fides’, imani, ni la jinsia ya kike, na hiyo ‘-a’ ya mwisho ni alama ya kike katika umoja. Anayetafuta ‘propagandum’ kama umoja wake atatafuta bure.

Wingi upi ulio sahihi?

Sasa mgogoro unaeleweka. Ikiwa ‘referendum’ ni ‘gerundium’, halina wingi wa Kilatini, kama vile ‘kurejesha’ kusivyo na wingi. Ikiwa ni ‘gerundivum’, wingi wake ni ‘referenda’, lakini maana yake ni mambo ya kurejeshwa kwa wananchi, si matukio ya kupiga kura.

Hoja hii ndiyo inayotolewa na Kamusi ya Oxford ya Kiingereza, ambayo hupendelea ‘referendums’ inapozungumziwa kura kadhaa, kila moja ikiwa na suala lake, na kueleza kwamba ‘referenda’ hudokeza wingi wa masuala. David Butler na Austin Ranney, wataalamu wawili wa masuala ya uchaguzi, walipotoa kitabu chao maarufu kuhusu mada hii mnamo 1978, walitumia ‘Referendums’ katika anwani yake. Hata hivyo, ‘referenda’ haijafa, na si haki kumcheka anayeitumia. Kamusi nyingi huyakubali maumbo yote mawili. Linalostahili kuepukwa ni kusema ‘referenda’ huku kukikusudiwa kura moja tu. Kosa hili husikika mara kwa mara nchini Kenya, labda kwa sababu neno linaloishia kwa irabu humkaa vizuri mdomoni mzungumzaji wa Kiswahili.

Waitaliano, warithi wa karibu wa Kilatini, wameukwepa ugomvi wote. Kwao neno halibadiliki: moja ni ‘referendum’ na nyingi ni ‘referendum’, tofauti ikionyeshwa na maneno yanayoandamana nalo. Mnamo Juni 8 na 9, 2025, raia wa Italia walipewa karatasi tano za kura, kila moja na rangi yake na swali lake, nne kuhusu sheria za kazi na moja kuhusu uraia. Zote tano zilianguka kwa kuwa waliojitokeza hawakufika nusu ya waliostahili kupiga kura. Utaratibu huo wa Italia ni sawa kabisa na ule wa nomino za ngeli ya I-ZI: kura hii, kura hizi.

Kutoka milimani Uswisi

Neno halikupata maana yake ya sasa Roma, bali katika milima ya Uswisi. Kabla ya 1798, Uswisi ilikuwa shirikisho legevu la majimbo yaliyotuma wajumbe katika baraza la pamoja. Mjumbe alifika na maagizo kutoka kwao. Jambo jipya lilipozuka nje ya maagizo hayo, hakuwa na ruhusa ya kukubali wala kukataa. Alilipokea ‘ad referendum’, yaani kwa ajili ya kulirejesha nyumbani. Katika nchi ya Graubünden, mambo kama hayo yalirejeshwa hadi katika jumuiya za vijijini, nazo zikatoa kauli.

Maana hii ya mwanzo inafaa kutiliwa mkazo, kwa sababu inageuza taswira iliyozoeleka. Leo hudhaniwa kwamba viongozi ndio wanaowapa wananchi nafasi ya kusema, kana kwamba ni hisani. Kiambishi ‘re-’ kinasema kinyume chake: jambo linarudishwa kwa mwenyewe. Mahakama Kuu ya Kenya ilifikia wazo la namna hiyo mnamo Machi 25, 2004 katika kesi ya Njoya na wenzake, ilipoamua kwamba mamlaka ya kuunda Katiba mpya ni ya wananchi na kwamba ni lazima wapewe nafasi ya kuiidhinisha wenyewe. Kura ya Novemba 21, 2005 ilitanguliwa na uamuzi huo.

Katiba ya shirikisho la Uswisi ya 1848 iliweka sharti kwamba mabadiliko ya Katiba yapigiwe kura na wananchi. Mnamo 1874 raia walipata uwezo wa kudai kura kuhusu sheria za kawaida, na mnamo 1891 uwezo wa kuanzisha marekebisho ya sehemu za Katiba kwa kukusanya saini. Si kwamba historia yao haina doa. Katika kura ya 1802 kuhusu Katiba, waliopinga walikuwa wengi kuliko waliounga mkono, lakini watu ambao hawakupiga kura walihesabiwa kuwa wamekubali, na Katiba ikatangazwa kupita.

Wanadiplomasia nao wamehifadhi matumizi ya awali. Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba unatambua saini inayotiwa ‘ad referendum’. Balozi hutia saini, lakini saini hiyo huwa haijakamilika hadi serikali yake iithibitishe. Hapo neno ni ‘gerundium’ bila shaka yoyote, na hakuna aliyewahi kuandika ‘ad referenda’.

Lililoamuliwa na la kurejeshwa

Neno jirani ni ‘plebiscitum’, ambalo ni la Kirumi kweli kweli. Limeundwa kwa ‘plebis’, ya watu wa kawaida, na ‘scitum’, lililoamuliwa. Hapo mwanzo maamuzi ya baraza la watu hao wasio wa ukoo bora yaliwabana wao tu. Sheria ya Hortensius ya mwaka wa 287 kabla ya Kristo ilifanya yawabane raia wote, matajiri na maskini. Wingi wake ni ‘plebiscita’ na haujawahi kumsumbua mtu.

Tofauti ya kisarufi baina ya maneno haya mawili inapendeza. ‘Scitum’ ni jambo ambalo limekwisha kuamuliwa. ‘Referendum’ ni jambo ambalo bado linasubiri. Katika siasa za karne mbili zilizopita, hata hivyo, tofauti imekuwa nyingine. Napoleon na wapwa wake wa kisiasa walipenda kura za kuwaidhinisha wao wenyewe, na Hitler akafanya hivyo Ujerumani mnamo 1934, hivi kwamba neno la Kirumi likachafuka. Aidha, limetumiwa kwa kura za kuamua eneo liwe chini ya nchi gani. Mnamo Februari 1961, chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, eneo la kaskazini la Cameroon iliyotawaliwa na Uingereza lilichagua kujiunga na Nigeria, na la kusini likachagua Jamhuri ya Cameroon. Australia nayo hulitumia neno hilo kwa kura isiyoilazimisha serikali, na ‘referendum’ kwa kura ya kubadilisha Katiba.

Wingi mmoja ulioigawa nchi

Anayedhani kwamba umoja na wingi ni mchezo wa wanasarufi na autazame ujirani wa pwani ya Afrika Mashariki. Visiwa vya Komoro, ambavyo lugha zake zina udugu wa karibu na Kiswahili, vilipiga kura kuhusu uhuru mnamo Desemba 22, 1974. Sheria ya Ufaransa ya Novemba 23 mwaka huo iliyoitisha kura hiyo haikutaja ‘la population’, umma wa Komoro, bali ‘les populations’, kwa wingi. Zaidi ya asilimia 94 ya kura zote ziliunga mkono uhuru. Lakini katika kisiwa cha Mayotte, karibu asilimia 64 zilipinga.

Kama kulikuwa na umma mmoja, jibu lilikuwa moja. Kama kulikuwa na umma kadhaa, kila mmoja ulikuwa na jibu lake. Herufi ‘s’ ya Kifaransa iliacha mlango wazi wa kuhesabu kisiwa kimoja kimoja. Komoro ilijitangazia uhuru Julai 6, 1975, na Ufaransa ikaitisha kura nyingine katika Mayotte pekee Februari 8, 1976, ambapo zaidi ya asilimia 99 walichagua kubaki nayo. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililaani kura hiyo Oktoba mwaka huo. Mayotte ikawa mkoa kamili wa Ufaransa Machi 31, 2011, na Komoro ingali inadai kisiwa hicho kuwa chake.

Maoni au maamuzi?

Kiswahili hakikulichukua neno la Kilatini. Kilitumia ‘kura’, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo kwanza lilihusu bahati nasibu, yaani kitu kinachorushwa au kuchaguliwa ili kujua zamu au fungu la mtu, na kikaliongezea sifa. Sifa hiyo ndiyo haijatulia. Wapo wanaosema ‘kura ya maoni’ na wapo wanaosema ‘kura ya maamuzi’.

Nchini Tanzania istilahi rasmi ni ‘kura ya maoni’. Wazanzibari walipiga kura ya maoni Julai 31, 2010 na kuidhinisha mfumo wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66. Bunge la Muungano lilipitisha Sheria ya Kura ya Maoni mnamo 2013, na kura kuhusu Katiba Inayopendekezwa ilipangiwa kufanyika Aprili 30, 2015 kabla ya kuahirishwa. Lakini Watanzania hao hao huita ‘kura za maoni’ uchaguzi wa ndani wa vyama wa kutafuta wagombea, ule ambao Wakenya huuita kura ya mchujo. Nchini Kenya, ‘kura ya maoni’ humaanisha pia utafiti unaofanywa na kampuni zinazowahoji watu mia kadhaa au elfu mbili na kutangaza nani angeshinda iwapo uchaguzi ungefanywa leo. Neno moja, basi, linabeba mizigo mitatu.

Utata huu si wa msamiati tu. Maoni, kutokana na ‘ona’, ni mtazamo. Mwenye kuyasikiliza anaweza kuyafuata au kuyaacha. Uamuzi, kutokana na ‘amua’, ni kukata shauri, kama anavyofanya mtu anayewatenganisha wanaopigana. Mwingereza aliyepiga kura Juni 23, 2016 kuhusu Umoja wa Ulaya alikuwa anatoa maoni kwa maana halisi ya neno hilo. Asilimia 51.9 walitaka kujiondoa, lakini Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua Januari 24, 2017 kwamba matokeo hayo yalikuwa na uzito wa kisiasa, na kwamba Bunge lilihitajika kupitisha sheria kabla ya serikali kuanza kuiondoa nchi.

Katiba ya Kenya ya 2010 haimwachii mtu nafasi hiyo. Kifungu cha 255 kinataja mambo kumi ambayo hayawezi kubadilishwa bila kurejeshwa kwa wananchi, yakiwemo mipaka ya nchi, Sheria ya Haki, muda wa Rais kuhudumu na uhuru wa Mahakama. Ili badiliko lipite, ni lazima angalau asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti, na zaidi ya nusu ya wanaopiga kura waliunge mkono. Mswada wa Bunge ukishaidhinishwa hivyo na matokeo kuthibitishwa na mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Rais sharti autie saini katika muda wa siku 30. Hayo hayawezi kuitwa maoni. Kwa Kenya, wanaoandika ‘kura ya maamuzi’ wako karibu zaidi na sheria kuliko wenzao.

Hata hivyo, nao wana deni la kisarufi. ‘Maamuzi’ ni wingi wa ‘uamuzi’. Mkenya wa 2005 aliulizwa swali moja, na asilimia 58 wakakataa. Mkenya wa Agosti 4, 2010 aliulizwa swali moja, na karibu asilimia 69 wakakubali. Kila mara alitoa uamuzi, si maamuzi. Kwa mantiki kali, hizo zilikuwa kura mbili za uamuzi. ‘Kura ya maamuzi’ ingekuwa ile moja ambayo ndani yake mna maswali mengi. Kiswahili, bila kukusudia, kina uwezo wa kutofautisha kwa maneno manne kile ambacho Kamusi ya Oxford hulazimika kukieleza kwa tanbihi.

Swali moja au maswali?

Mwaka wa 2010 ulionyesha uzito wa jambo hili. Wakristo wengi waliokuwa na kinyongo na vifungu kuhusu uavyaji mimba na mahakama za Kadhi walikubaliana na sehemu kubwa ya yaliyosalia. Wapo waliotaka ugatuzi lakini wakahofia sura ya ardhi. Karatasi ya kura haikuwa na nafasi ya kusema hivyo. Ilikuwa kijani kwa yote au nyekundu kwa yote. Ni kweli pia kwamba Katiba nzima haiwezi kupigiwa kura kifungu kwa kifungu, kwani sura moja hutegemea nyingine, na nchi ingeweza kujikuta na Seneti isiyo na kaunti.

Mswada wa BBI haukuwa Katiba mpya. Ulikuwa mkusanyiko wa marekebisho, mengine kuhusu Waziri Mkuu, mengine kuhusu maeneobunge, mengine kuhusu fedha za kaunti. Mahakama Kuu ilisema Mei 13, 2021 kwamba kila pendekezo lilipaswa kuwasilishwa kwa wapigakura kama swali linalojitegemea. Aliyependa fedha zaidi kwa kaunti yake hakupaswa kulazimika kumeza pamoja nazo cheo kipya Nairobi. Kwa lugha ya Kilatini, majaji walikuwa wanadai ‘referenda’ katika siku moja ya kura.

Sheria ya Uchaguzi ya 2011, kifungu cha 49, huanza kwa kumtaka Rais alirejeshe suala kwa tume ya uchaguzi, kwa kutumia kitenzi kile kile cha Kiingereza kilichotoka kwa ‘referre’. Kisha huitaka tume kutunga ‘swali au maswali’ yatakayoamuliwa. Bunge lililotunga sheria hiyo liliandika umoja na wingi kwa pamoja bila kuonyesha lini utumike upi. Suala hilo lilipofika Mahakama ya Juu, majaji walisema wakati wake wa kuamuliwa ulikuwa haujawadia, wakaliacha lilivyo.